Ushauri Niliompa Ikupa

8 Juni, Jumapili

Yonathani ameondoka asubuhi kwenda Igamba na magunia matupu, sufuria mbili na redio. Kahawa ya shamba la bondeni imeiva mapema, kwa hiyo mume sina mpaka Septemba. Mwanangu Lwitiko yuko shule ya bweni. Nyumba nzima hapa Mlowo nimebaki mimi na jogoo mmoja asiyejua saa. Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mtu wa maneno mengi akikosa wa kumsemesha, lazima ayaweke mahali.

Baada ya ibada Mwalimu Watson alitukalisha wanakwaya wote. Tarehe 20 Septemba tunakwenda Tunduma kwenye tamasha la kwaya za mpakani, na za Zambia zitakuwepo. Tutaimba wimbo wake wa mavuno, ule wenye ubeti mrefu wa mtu mmoja kabla kwaya haijapokea. Nilikuwa nimekaa mbele, mgongo wima. Miaka tisa ubeti wa namna hiyo ulikuwa wangu.

"Ubeti ataimba Ikupa," akasema.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa sababu usipopiga wanakuona.

Ikupa ana miaka ishirini na sita. Ameletwa na ndoa kutoka Rungwe mwaka juzi. Mumewe Ombeni ni utingo wa maroli ya Zambia, akienda harudi upesi. Anaimba vizuri. Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike: anaimba vizuri kuliko nilivyowahi kuimba mimi. Jambo hilo silisamehe.

Watson alinifuata nje akaniambia, "Mama Lwitiko, sauti yako imekomaa. Itatufaa sana kule chini, kwenye sauti ya pili." Imekomaa! Boga ndilo hukomaa.

12 Juni

Baridi. Nimeuza dawa za mafua kutwa nzima.

14 Juni, Jumamosi

Tumemzika mzee mmoja wa kanisa. Upepo ulikuwa mkali, vumbi la njia na la kaburi yote yakawa midomoni mwetu. Ikupa alikuja na mafua, macho mekundu. Mwenye akili angemwambia abaki nyumbani. Watson alimpanga mbele na kumwimbisha nyimbo sita, kisha tukaingia jikoni kwa wafiwa, moshi wa kuni umetanda, tukaimba tena kuwafariji wapishi. Wimbo wa mwisho sauti ya Ikupa ilikatika katikati ya neno. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaumalizia mimi. Hakuna aliyeniambia asante.

17 Juni, Jumanne

Ikupa amekuja dukani.

Niseme kwanza mimi ni nani hapo dukani. Duka la dawa ni la Athuman, mtu wa Kondoa, mwangalifu kupita kiasi, anayehesabu hata vifuniko vya chupa. Mimi ndiye muuzaji mwenye cheti. Nilisoma mafunzo, nikafanya mtihani, nikafaulu. Kwa kanisa letu mimi ni daktari, ingawa nimewakataza kuniita hivyo. Nimewakataza kwa sauti ndogo.

"Dada," alisema Ikupa, na ile sauti ilikuwa inakwaruza kama msasa, "koo limenishinda. Nimezoea likiuma siku mbili linaacha. Hili haliumi sana, ila sauti imepotea. Nifanyeje?"

Nilijua afanyeje. Ndani ya koo kuna nyuzi mbili za sauti. Ukipata mafua au ukipiga kelele sana zinavimba, na zikivimba haziwezi kukutana vizuri, ndiyo maana sauti inakwaruza au inakufa kabisa. Dawa yake karibu yote ni kunyamaza. Anyamaze kabisa wiki moja, hata mbili. Anywe maji mengi, avute mvuke wa maji ya moto, akae mbali na moshi na vumbi. Asinong'one, maana anayenong'ona kwa kujikamua anazichosha nyuzi kuliko anayesema polepole. Antibiotiki hazihitajiki, mara nyingi ni virusi vya mafua tu. Zikipita wiki tatu bila nafuu, aende hospitali akaangaliwe koo kwa kifaa. Hayo yote nayajua kama ninavyojua njia ya kisimani.

Akaomba amoksilini. Nikamkatalia, nikamweleza kwamba bila cheti cha daktari siuzi. Katika hilo nilikuwa mwaminifu kama malaika, Athuman mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa mazoezi, dada? Mwalimu amesema nisikose hata siku moja."

Nikamwambia, "Nenda tu. Ukiona sauti haitoki, nong'ona. Kunong'ona kunaipumzisha."

Lilitoka jepesi, hata mimi nilishangaa. Nikamuuzia na pipi za mnanaa zile kali zinazokausha koo. Akanishukuru kwa mikono miwili.

22 Juni, Jumapili

Amenong'ona wiki nzima. Kanisani kanong'ona salamu, kanong'ona maombi, ameketi mazoezini akiunong'ona ubeti wote wa Watson huku shingo imetoka mishipa. Watson anasema koo la mwimbaji linatibiwa kwa kuimba, kama jembe linavyong'aa kwa kulima. Yeye ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, sijui hayo ameyasomea wapi.

Kina mama wamemletea mayai mabichi saba ya kuku wa kienyeji, maana kwaya yetu inaamini yai bichi linalainisha sauti. Ameyanywa yote saba mbele yetu, moja baada ya jingine, akifumba macho. Hayajafanya kitu zaidi ya kumtapisha nyuma ya kanisa.

25 Juni

Yonathani amepiga simu. Anataka chumvi na betri. Kahawa nzuri.

1 Julai

Leo nilitaka kumwambia. Naandika ili iwepo mahali kwamba nilitaka.

Mgongo umenishika tangu Jumapili, nimelala. Ikupa alisikia, akaja bila kuitwa. Amefua nguo zangu, amechota maji, amenipikia ndizi na parachichi pembeni. Kazi yote hiyo ananong'ona tu, anauliza sabuni iko wapi, chumvi kiasi gani, na kila neno anasukuma kwa nguvu mpaka mabega yanapanda. Ni vibaya kumsikiliza. Huruma ilinishika kweli. Nikainuka nikakaa kitandani nikasema, "Ikupa, hebu sikiliza."

Akakaa karibu, akanong'ona, "Dada, kabla hujasema. Jana nilimwambia mwalimu labda anipumzishe, ubeti uimbe wewe, dada Loisi. Akacheka. Akasema hata nikiwa mbovu namna hii hakuna mwingine. Nimeona nikuambie mimi, usije ukasikia kwa watu ukadhani nakusema."

Alinishika mkono. Hakuwa na ubaya hata kidogo, ndio kwanza alikuwa ananiomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Ningeona afadhali angenitukana.

"Ulitaka kusema nini, dada?"

"Nilitaka kusema chumvi imezidi," nikajibu.

6 Julai, Jumapili

Wiki tatu zimetimia na siku moja. Leo nitaandika mengi.

Baada ya ibada Bibi Tulinagwe, mwenyekiti wa kina mama, alimketisha Ikupa kwenye benchi, akamwambia afungue mdomo, akachungulia kwa tochi ya simu. Bibi huyu hajui kusoma dawa ya minyoo, lakini akishika tochi anakuwa bingwa.

"Nimekiona," akasema. "Kimeo hicho. Kimerefuka mpaka kinagusa ulimi. Ndicho kinachomziba sauti. Mtoto wangu wa tatu alikuwa hivihivi, alikohoa mwaka mzima, tukakikata, akapona siku hiyohiyo."

Kila mmoja akawa na mtu wake aliyekatwa kimeo akapona. Kwetu huku kikohozi kikikawia ni kimeo, mtoto akikataa kunyonya ni kimeo, na sasa hata sauti. Kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya kinywa kanabeba lawama zote za koo. Walimtaja na mkataji wao, mzee mmoja wa kule Mpemba, njia ya Tunduma, mkono mwepesi, hachukui dakika mbili.

Ikupa alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Uso ulikuwa umepungua. Kisha akanong'ona, na wote wakanyamaza ili wamsikie, "Namngoja dada Loisi aseme. Yeye ndiye mtu wa dawa."

Nyuso zote zikanigeukia. Hata Watson, ambaye mwezi huu wote ananipita kama nguzo ya umeme, alinigeukia akasema, "Ndiyo, Mama Lwitiko, tuambie. Unasemaje kitaalamu?"

Kitaalamu nilijua kwamba kimeo na nyuzi za sauti ni vitu viwili vilivyoko mahali tofauti, kimoja juu, kingine chini kabisa kwenye kisanduku cha koo, na kwamba kukikata hiki hakukisaidii kile hata chembe. Nilijua wanaotokwa damu mpaka kuishiwa. Niliwahi kuyasoma kwenye bango lililobandikwa nyuma ya mlango wa duka, na bango lenyewe nililibandika mimi. Sentensi moja tu ilitosha. Nendeni hospitali. Wangenisikiliza, na hapo ndipo palipo ubaya wote, kwamba siku hiyo wangenisikiliza.

Nikaona vilevile mambo mengine. Nikaona Ikupa amepona katikati ya Agosti, amesimama Tunduma na gauni jipya, mimi niko nyuma kwenye sauti ya pili nimekomaa.

Nikasema, "Kimeo nacho huwa kinasumbua."

Ni maneno manne. Sikusema wakikate. Mtu akinishtaki kesho nitaapa kwamba sikusema wakikate.

"Mmesikia," akasema Bibi Tulinagwe.

7 Julai

Sikwenda kazini. Mgongo.

10 Julai, Alhamisi

Alikuja kuniomba nimsindikize Mpemba. Ombeni yuko Zambia na roli, hana ndugu hapa. "Nikiwa na wewe siogopi," alinong'ona. Ningeweza kukataa. Nilimwambia Athuman nakwenda kumwona mgonjwa, ikawa si uongo.

Mzee anakatia uani, kwenye kigoda, watu wakiwa kwenye foleni na watoto wao. Ni mtu mpole sana, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliosha kisu kidogo kilichopinda kwenye maji ya ndoo, ndoo ileile aliyokioshea baada ya mtoto aliyetangulia. Alinitazama akasema, "Mama, wewe mkubwa mshike kichwa. Akitikisika nitakata pasipo pake."

Nikasimama nyuma ya Ikupa nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikakibana tumboni mwangu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, zinanukia mafuta ya nazi. Alinyoosha mkono juu akashika kiganja changu. Mzee akaingiza kijiti chenye panda, akaingiza kisu. Ikupa akatikisika. Labda sikumbana vya kutosha, labda nilimbana kupita kiasi, sijui, nimelifikiria tangu mchana na bado sijui. Mzee akasema "Aa," kwa sauti ya mtu aliyemwaga chai.

Damu ilijaa beseni chini. Haikuwa ya dakika mbili. Kipande alichokitoa kilikuwa kikubwa kuliko kimeo chochote, kilikuwa na nyama ya kaakaa. Akapaka unga wa mizizi, akatuambia asile cha moto siku tatu. Watoto waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanalia wote kwa pamoja.

Njia nzima ya kurudi Mlowo Ikupa ameegemea bega langu, kanga mdomoni. Kanga ilikuwa ya njano. Nimeichukua nimeiloweka, damu haijatoka.

13 Julai

Homa. Nimempelekea uji. Anapokunywa uji unatokea puani.

14 Julai

Homa bado. Nimewaambia wampeleke zahanati. Leo nimesema, tena kwa sauti kubwa, na wakanisikia upesi. Wamemchoma sindano.

20 Julai, Jumapili

Watson amenipa ubeti. "Kwa kuwa mwenzetu anaumwa," alisema, akiangalia karatasi zake. Nilisimama nikauimba mbele ya kanisa bila mazoezi, maana nimekuwa nikiuimba jikoni tangu Juni. Nilifika noti ya juu kabisa nikaishika mpaka Bibi Tulinagwe akalia.

Nilifurahi. Sitaki kuandika jambo la kujipamba hapa. Nilifurahi mpaka nikarudi nyumbani nikaimba tena peke yangu, jogoo akakimbilia uani.

22 Julai, Jumanne

Mchana aliingia dukani Samwel, mpiga debe wa stendi, yule mwembamba anayepakia abiria wa Tunduma. Sauti haina kitu.

"Sista," alikwaruza, "nisaidie, kazi yangu mdomo. Nikinyamaza sili. Wana wanasema nigonge konyagi na tangawizi."

Sijui nini kilinituma. Sina ugomvi na Samwel. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikamweleza kila kitu, kwa utaratibu, kama siku ya mtihani. "Pombe achana nayo, na sigara. Nyamaza kabisa siku saba, hata kunong'ona marufuku, kunong'ona kunachosha nyuzi za sauti zaidi. Kunywa maji kutwa. Asubuhi na jioni chemsha maji, jifunike taulo, vuta mvuke, usijiunguze. Funika pua kwenye vumbi. Ukitaka kusema, andika kwenye simu. Ikifika wiki tatu haijarudi, nenda hospitali, usimwendee mtu mwingine yeyote. Na huhitaji dawa ya kununua, hela yako kalie chakula."

Samwel akaweka mkono kifuani akaondoka. Nilipogeuka Athuman alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, ameshika sahani ya wali, hajala.

"Mama Lwitiko," akasema, "maelezo mazuri sana hayo."

"Asante, bosi."

"Yule dada mwimbaji, mwezi uliopita, alikuwa na tatizo tofauti na la huyu?"

Nikasema kila mgonjwa ni wake.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale nahesabu stoki. Yeye ulimwambia anong'one. Nikadhani ndiyo dawa, maana mimi mfanyabiashara, sijasomea. Hata mke wangu Mwanakombo alipokauka koo nilimwambia anong'one, kwa kuwa nimesikia kwako." Akaweka sahani juu ya kaunta. "Nimesikia amekatwa huko Mpemba. Nimesikia na wewe ulikwenda."

Nikachukua kitambaa nikafuta kaunta pembeni ya sahani.

"Mimi sina ushahidi wa kilicho moyoni mwa mtu," Athuman akasema. "Wa kukuhukumu yuko na hahitaji msaada wangu. Ila kuanzia leo, mwenye koo akiingia, nitampigia simu mganga wa zahanati aongee naye. Wewe uza panadoli."

Akabeba sahani yake akarudi stoo. Nilikuwa nikimwona Athuman mtu mdogo, bahili wa vifuniko. Leo nimemwogopa.

31 Julai

Samwel amepona. Anapiga kelele tangu alfajiri mbele ya duka, "Tunduma, Tunduma, Mpemba, Tunduma!" Sauti imerudi nzima, labda imezidi. Kila akipita ananipungia mkono.

1 Agosti

Tunduma, Tunduma, Mpemba, Tunduma.

2 Agosti

Hivyohivyo.

9 Agosti, Jumamosi

Nilikwenda Igamba kumsaidia Yonathani kuchambua kahawa kwenye vichanja. Tuliketi jua la asubuhi tukitoa punje mbovu. Yonathani si msemaji. Katikati ya kazi akauliza, "Yule binti aliyekuwa anakuja kukufulia, sauti imerudi?"

Nikasema bado.

"Pole yake. Ulikuwa unamsema sana mwaka jana." Akatupa punje moja nyeusi chini. "Mwaka huu humsemi kabisa."

Ndoa ya miaka kumi na saba ni kuishi na polisi asiyekukamata. Nimerudi Mlowo jioni ileile, nikamwambia nina mazoezi.

19 Agosti, Jumanne

Ombeni amerudi kutoka Zambia, akakuta mke hivyo, akampeleka hospitali kubwa Mbeya. Wamerejea leo. Ikupa alikuja moja kwa moja kunieleza, kabla hata ya kufungua mlango wake.

Sasa hanong'oni. Anasema. Ila maneno yote yanapitia puani, yamelowana, herufi nyingine hazitoki kabisa. Inabidi umtazame midomo. Naandika alivyosema kwa usahihi, maana yeye mwenyewe aliyarudia mara mbili akidhani sikuelewa.

Walimpitishia kamera nyembamba puani mpaka kooni. Daktari akamwonyesha kwenye skrini. Nyuzi za sauti ni safi, nyeupe, zinakutana vizuri. Zilishapona. Baada ya kukatwa alishindwa kusema kwa maumivu karibu wiki tatu, na zile wiki tatu za kimya ndizo zilizoziponya. Daktari alisema kama angenyamaza hivyo mwezi wa sita, angekuwa ameimba kabla ya Julai kwisha.

Kilichoharibika ni kaakaa. Mzee alikata nyama laini ya nyuma, ile inayofunga njia ya pua mtu anaposema. Sasa haifungi. Hewa inatoroka. Sauti ipo nzima ndani ya koo, haina pa kutokea. Dar es Salaam wapo wanaoweza kujaribu kuziba. Kuimba, daktari alisema asitegemee.

"Daktari alikuwa mkali," Ikupa alisema. "Aliuliza nani alikwambia unong'one? Nikasema mimi mwenyewe, nilijiamulia. Sikukutaja, dada. Ningekutaja wangekufuatilia mpaka dukani, ukakosa kazi kwa kitu ambacho hata wewe hukukijua. Si kosa lako. Wewe ulitaka kunisaidia."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu, miguu ameikunja, uso mwema. Nikasema moyoni, sasa. Mwambie sasa, akupige, akulaani, aende kwa Mchungaji. Maneno yalikuwa ulimini.

"Pole, mdogo wangu," nikasema.

Nilimchukia sana alipoondoka. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilimchukia kuliko siku ile Watson alipotaja jina lake.

24 Agosti

Watoto wa shule ya Jumapili wanamwiga. Wanabana pua wanawaita mama zao. Bibi Tulinagwe amewafukuza kwa fimbo, kisha akasema kwa wenzake kwamba kimeo kilikatwa siku mbaya, mwezi ulikuwa mdogo. Hakuna anayesema alikosea.

7 Septemba

Mazoezi kila siku. Watson ananisifia sasa. Ananiita nguzo. Nikimtazama namwona mtu mdogo mwenye kola chafu, nashangaa nilikuwa nataka nini kwake.

20 Septemba, Jumamosi

Tunduma. Maroli yamepanga mstari kutoka mpakani mpaka huku, vumbi na moshi wa dizeli, na katikati yake uwanja umejaa kwaya. Mama mmoja wa kwaya ya ng'ambo alinishika mkono akanisalimu kwa lugha yao, "Mulishani, mayo," yaani hujambo mama, akanipa chupa ya maji, akasema niyanywe polepole kabla ya kuimba. Kila mtu anajua kutunza koo la mwenzake.

Watson alimpanga Ikupa mstari wa nyuma, asogeze midomo tu, ili tuwe idadi kamili. Alikuja na gauni la kwaya, amelinyoosha.

Niliimba. Sikuwahi kuimba vile na sitaimba tena. Noti ya juu ilikaa pale nilipoiweka. Kwaya ikapokea, uwanja ukasimama, wale wa ng'ambo wakapiga vigelegele. Tumekuwa wa pili kati ya kwaya kumi na moja. Nilipogeuka kuinama niliwaona wote wanacheka kwa furaha, na nyuma kabisa Ikupa anapiga makofi mikono juu ya kichwa, analia, anacheka, yote kwa ajili yangu.

Katika gari alilala begani kwangu. Nilikaa bila kusogea mpaka Mlowo.

24 Septemba

Yonathani amerudi. Mavuno yamekwisha. Kahawa imekuwa nzuri mwaka huu.

26 Septemba, Ijumaa

Ikupa amekuja na karatasi mbili. Jumapili ni ibada ya shukrani ya mavuno, kila mtu anatoa alichonacho na ushuhuda wake. Ameandika wake. Anataka niusome mimi.

"Nikisema mwenyewe hawatanielewa, na watoto watacheka," alisema. "Nisomee, dada. Wewe una sauti."

Nilimwambia amwombe Watson. Akasema hapana. Nilimwambia nina mafua. Akanitazama kwa wasiwasi wa kweli, akaniambia basi ninyamaze siku hizi mbili, nisinong'one, nivute mvuke. Ushauri huo ameupata kwa daktari wa Mbeya, anaukumbuka wote.

28 Septemba, Jumapili

Kanisa lilijaa. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mahindi, mikungu ya ndizi, madebe ya kahawa, kuku waliofungwa miguu. Yonathani alikaa karibu na mlango. Ikupa alisimama pembeni yangu ameshika ukingo wa kitenge changu, kama bibi harusi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kumshukuru Mungu kwa uhai, mumewe, na damu iliyokatika yenyewe. Nikaisoma. Nikafunua ya pili. Naiandika hapa kama alivyoiandika:

"Namshukuru dada yangu Loisi. Nilipoumwa alinipa ushauri kwa moyo wake wote. Hakujua kama si ushauri sahihi, na mimi sikujua. Siku ya kukatwa alinishika kichwa, nisingeweza bila yeye. Watu wananiuliza kama nina uchungu. Nilikuwa nao. Lakini juzi stendi nilikutana na kaka Samwel, akaniambia alipoteza sauti mwezi wa saba, dada Loisi akamwelekeza, akapona kwa siku tisa. Nililia kwa furaha. Nikajua kwamba yaliyonipata mimi ndiyo yaliyomfundisha dada. Koo langu halikupotea bure. Kwa ajili yangu yeye sasa anawaponya wengine. Naomba kanisa lisimame, limpigie makofi."

Ningeweza kuishia kwenye mstari wowote. Ningeweza kusema nilijua tangu Juni. Ikupa alikuwa ananitazama midomo, anafuata neno kwa neno, anatikisa kichwa pale nilipopatia.

Nikasoma mpaka mwisho, kwa kituo, kila herufi mahali pake, wa nyuma kabisa wakasikia. Kanisa zima likasimama likapiga makofi, na kule mlangoni Yonathani peke yake alibaki amekaa. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.